Mfinyanzi Hulia Gaeni: Siku Mbili Katika Karakana za Burundi

Katika nchi kadhaa za Ulaya, na kadhalika katika Marekani, ipo desturi ambayo imekwisha kuota mizizi. Wachoraji, wachongaji na wafinyanzi wa sehemu fulani ya mashambani hukubaliana kufungua vyumba vyao vya kazi kwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili, ili mtu yeyote aweze kuingia, kutazama kazi inavyofanywa, kuuliza maswali, na akipenda kununua. Wageni hupewa ramani, nao huzunguka kutoka nyumba hadi nyumba mchana kutwa. Mmoja wetu alisoma habari za desturi hiyo, akatuletea katika chumba cha walimu hapa Bujumbura, akauliza: Je, kwetu hakuna kitu kama hicho?

Jibu letu la kwanza lilikuwa kicheko. Hapa kwetu fundi hana haja ya kutangaza kwamba atafungua mlango, kwa kuwa karakana nyingi hazina mlango. Zipo chini ya mwembe, barazani, kando ya mfereji wa barabara, au uani chini ya kipande cha bati. Mpita njia hana budi kuziona. Lakini kicheko kilipokwisha, swali lilibaki palepale, tena likawa zito zaidi kuliko mwanzo. Ikiwa karakana zetu ziko wazi siku zote, mbona sisi walimu hatujawahi kuingia hata moja ila tulipokuwa na kiti cha kutengenezwa?

Yafaa tukiri jambo moja kabla ya kuendelea. Kwa miaka mingi tumewafundisha wanafunzi wetu msamiati wa ufundi: tezo, patasi, randa, fuawe, mvukuto. Tumewatungia majaribio ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Tumewaeleza pia methali isemayo kwamba mfinyanzi hulia gaeni, nasi tumeifafanua kama vitabu vya methali vinavyoifafanua mara nyingi: fundi huwashughulikia wengine akajisahau mwenyewe. Lakini kama mwanafunzi angalituuliza mvukuto unalia vipi, au mfinyanzi huyo anakaa wapi, tusingalikuwa na jibu. Basi tukakata shauri. Walimu wanne na wanafunzi sita, tungetumia Jumamosi na Jumapili moja kuzuru karakana, kwanza mjini kwetu na kisha mashambani. Makala haya ni taarifa ya ziara hiyo.

Tulianzia Buyenzi, na msomaji wa Bujumbura hatauliza kwa nini. Kiswahili kiliingia katika mji huu pamoja na misafara ya biashara iliyopitia Ujiji, na pamoja na askari na wapagazi waliokuja na Wajerumani walipojenga ngome yao ya Usumbura mwishoni mwa karne ya 19. Wazao wa watu hao, na wengi wengine waliojiunga nao kutoka pande zote za ziwa, ndio walioufanya mtaa wa Buyenzi kuwa nyumba ya Kiswahili katika Burundi. Barabara zake hutajwa kwa tarakimu, na kila tarakimu ina mafundi wake: hapa washonaji, pale mafundi wa magari, mbele yake maseremala na wafua mabati. Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, watu wengi walianza kukitazama Kiswahili kama lugha ya kesho. Huko Buyenzi kilikuwa tayari lugha ya jana na juzi.

Fundi wa kwanza tuliyemtembelea ni mchoraji wa vibao vya maduka. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameegemeza ubao ukutani, akiandika tangazo la kinyozi kwa rangi nyekundu. Pembeni alikwisha kuchora kichwa cha kijana kilichonyolewa kwa ustadi, hata kivuli cha sikio kikaonekana. Tulimsalimu, akatukaribisha bila kuondoa brashi.

"Karibuni, walimu. Mmeleta kazi?"

"Hapana, mzee. Tumekuja kutazama tu."

"Tazameni. Macho hayamalizi rangi."

Mmoja wetu, kwa mazoea ya kazi, alikwisha kuona kosa. Ubao uliandikwa TUNANYOWA NYWELE, naye akamwonyesha mzee, kwa adabu, kwamba katika Kiswahili sanifu neno hilo halina herufi W. Mzee alirudi nyuma hatua moja, akaitazama kazi yake, kisha akatutazama sisi.

"Mwalimu," akasema, "mimi hulipwa kwa herufi. Ukiniondolea hiyo W, umeniondolea sukari ya chai."

Wanafunzi wetu walicheka mpaka wakashikana mabega, na sisi tukacheka pamoja nao. Lakini mzee hakuwa amemaliza. Alitueleza kwamba mtoto wa mtaa ule, kabla hajapelekwa shule, huwa amekwisha kujifunza kusoma kwa kupita mbele ya vibao vyake: kinyozi, duka la dawa, mama lishe, fundi saa. "Nyinyi huwapokea," alisema, "lakini mimi huwaanzisha." Hatukuwa na la kumjibu, maana tulijua kwamba asema kweli. Mwishowe alitupa suluhu yake mwenyewe: ubao ule ungebaki na W yake, kwa kuwa ulikwisha kulipiwa, na ubao unaofuata angeuandika kama tunavyotaka sisi, ila mwenye duka asijulishwe kwamba herufi zimepungua.

Tulimwuliza kwa nini haandiki jina lake chini ya picha kama wafanyavyo wachoraji wengine. Alitwambia kwamba huandika kitu bora kuliko jina, akatuonyesha katika pembe ya ubao nambari yake ya simu, kwa herufi ndogo mno. Jina, alisema, halileti mteja.

Nyumba mbili mbele tulimkuta fundi wa mabati akitengeneza majiko ya makaa. Wenyeji wa Buyenzi huyaita mbabula, kama wasemavyo jirani zetu wa mashariki ya Kongo, na Warundi huita imbabura. Alikuwa akikata pipa kuukuu la mafuta kwa patasi na nyundo, akilikunja ubavu juu ya kipande cha ekseli ya lori kilichochimbiwa ardhini. Tulitazama tukishangaa jinsi duara lilivyotokea bila kipimo chochote isipokuwa jicho. Mwanafunzi mmoja akanong'ona, "Mwalimu, hiyo ndiyo fuawe?" Na kweli ndiyo iliyokuwa. Neno tulilokuwa tukilifundisha kama jina la kitu cha kale kilichopotea, lilikuwa pale mbele yetu likigongwa, ila fundi hakulijua neno lenyewe. Yeye aliita "chuma cha kugongea". Tulimpa neno letu, akalijaribu mdomoni mara mbili, akasema ni zuri, akaendelea kugonga.

Hapo ndipo mmoja wetu alipomwuliza: "Je, wewe ni msanii?"

Fundi aliinua uso kana kwamba ametukanwa kidogo. "Msanii? Hapana. Msanii ni yule anayeimba redioni. Mimi ni fundi."

Jibu hilo lilitushughulisha jioni nzima. Sanaa ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni kazi ya mikono, ufundi, kazi ya kumpatia mtu riziki. Hata neno karakana, tulilolipata kutoka Kiajemi, maana yake ni nyumba ya kazi tu. Basi kwa asili yake sanaa haimtengi mchoraji na mfua bati. Sisi ndio tuliolipandisha neno jukwaani, tukawavisha waimbaji na waigizaji, tukawaacha chini wale waliolistahili tangu mwanzo. Nalo huko juu halikusalimika, kwani siku hizi, hasa katika Tanzania, mtu akisema "huo ni usanii" huwa anamaanisha udanganyifu. Tumelinyang'anya neno mikono yake, kisha tukashangaa kwamba limekuwa la uongo.

Siku ya pili tulidamka alfajiri kwenda Gitega. Gari la abiria tulilipata kwa taabu, kisha tukaanza kupanda. Msomaji asiyeijua njia hiyo afahamu kwamba Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, mahali penye urefu wa mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwamba barabara hupanda kwa kujipindapinda mpaka Bugarama, palipo zaidi ya mita 2,000. Mtu huondoka na jasho akafika na koti. Njiani tuliwaona vijana wa baiskeli walioshika nyuma ya malori ili wavutwe mlimani, na wengine wakiteremka kwa kasi ya kutisha wakiwa na mikungu ya ndizi ya kuuzwa mjini. Tulipita Muramvya, tukafika Gitega, ambayo tangu mwanzo wa mwaka 2019 ndiyo mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, na Bujumbura ikabaki mji mkuu wa biashara. Kutoka hapo ni kilomita chache tu mpaka kilima cha Gishora.

Gishora ni mahali pa heshima. Mapokeo yanasimulia kwamba Mwami Ntare Rugamba alipaanzisha katika karne ya 19 baada ya kumshinda mkuu mmoja aliyemwasi. Zimehifadhiwa huko ngoma mbili za kifalme ambazo hazipigwi: Ruciteme, ambayo kwa ajili yake watu hufyeka msitu, na Murimirwa, ambayo kwa ajili yake watu hulima. Majina hayo peke yake yatosha kuwa somo zima, kwani kwa Kirundi ingoma si chombo cha mlio tu, bali pia ni utawala. Mfalme alipotawazwa aliipata ngoma. Ufalme ulikwisha mwezi wa Novemba mwaka 1966, lakini ngoma zilibaki, na mwaka 2014 UNESCO iliuingiza mchezo wa ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa kitamaduni wa wanadamu wote.

Wapigaji walitupigia, nasi hatutajaribu kueleza yasiyoelezeka kwa karatasi. Yatosha kusema kwamba ngoma ya katikati, inkiranya, ndiyo huongoza. Zile ziitwazo amashakwe hushikilia mdundo mmoja pasipo kupumzika. Na ibishikizo hufuata mwongozo wa inkiranya. Wapigaji hupokezana katikati kwa kuruka juu kuliko tulivyodhani mwili wa mtu waweza kuruka. Lakini sisi tulikuwa tumekuja kuona kazi ya kutengeneza, na baada ya mchezo mzee mmoja alikubali kutuonyesha gogo alilokuwa akilichimba nyuma ya ua.

Mti wenyewe kwa Kirundi huitwa umuvugangoma, yaani mti unaoifanya ngoma iseme. Tulimwuliza mwenzetu mmoja jina lake kwa Kiswahili. Mwenzetu huyo alizaliwa katika makazi ya Ulyankulu huko Tabora, wazazi wake walipokuwa wamekimbilia mwaka 1972, na baadaye akafundisha Moshi kabla ya kurudi nchini. Aliyatazama majani, akaugusa ubao, akasema: "Huu ni mringaringa. Moshi wanaupanda mashambani ili kahawa ipate kivuli, na kwa mbao zake wanatengeneza samani." Basi mti mmoja, huku unasema, kule unafunika kahawa, na mtoto wa watu waliokimbia ndiye aliyetuletea jina lake. Tuliliandika.

Mzee alichimba gogo kwa tezo. Kila pigo lilitoa kibanzi kimoja kisichozidi ukubwa wa kidole. Alitueleza kwamba kazi huenda polepole kwa sababu ubavu ukiwa mwembamba kupita kiasi gogo litapasuka, na ukiwa mnene ngoma itakuwa bubu. Gogo likiwa tayari huwambwa ngozi mbichi ya ng'ombe iliyoloweshwa maji, ikavutwa, ikapigiliwa vigingi vya mti pande zote, kisha ikaachwa ikauke. Akatutajia viungo vya ngoma. Vigingi ni amabere, yaani matiti. Ukingo wa juu ni urugori, taji avaalo mwanamke aliyezaa. Pana umukondo, ndio kitovu. Na kiwiliwili ni inda, yaani tumbo.

Hapo wanafunzi waliamka kweli kweli. Mmoja wao akauliza kama inda hiyo ndiyo iliyo katika neno letu "ndani". Ndiyo hiyo hiyo. Kiswahili kimelisahau neno lenyewe, lakini kimelihifadhi pamoja na kiambishi chake cha mahali: ndani ni tumboni. Twafikiri kwamba mwanafunzi aliyeligundua jambo hilo akiwa ameweka kiganja juu ya tumbo la ngoma hatalisahau maisha yake yote.

Lakini palikuwa na jambo jingine, nalo halikuwa la furaha. Mwanafunzi aliyeuliza swali lile ni msichana, naye akaomba apige pigo moja tu. Mzee alitikisa kichwa kwa upole. Amri ya Rais iliyotolewa Oktoba mwaka 2017 iliwakataza wanawake kupiga ngoma hizo, ingawa wengine walikuwa wamekwisha kuanza, ikawaachia ngoma nyingine za kucheza. Hatukwenda Gishora kubishana na sheria, wala mzee yule siye aliyeitunga. Tunaandika tu yale tuliyoyaona: chombo chenye matiti, kitovu, tumbo na taji la uzazi, na msichana mwenye umri wa miaka 16 amesimama mbele yake na mikono nyuma. Njia nzima ya kurudi hakusema neno.

Basi tukaanza safari ya kurudi, na kabla ya kufika barabara kuu tukamwomba dereva atusubiri kando ya kilima kimoja ambacho hatutakitaja. Tulikwisha kusikia kwamba kwenye mteremko wake wanakaa wafinyanzi wa Kitwa.

Wasomaji wetu wa pwani huenda hawajui habari za Batwa. Ni watu wachache, ambao kwa makisio ya kawaida ni kama mtu mmoja katika mia, nao tangu zamani hawakuwa na ardhi. Ufinyanzi ulikuwa riziki yao. Chungu cha kupikia, mtungi wa maji, chombo kikubwa cha pombe ya mtama kilichowekwa katikati ya watu wakinywa kwa mirija, vyote vilitoka mikononi mwao. Lakini wao wenyewe hawakuitwa kunywa. Palikuwa na mwiko kwamba mtu mwingine asinywe katika chombo kimoja na Mtwa, na mwiko huo haukufa zamani sana. Katiba ya mwaka 2005 iliwatengea Batwa viti vitatu Bungeni na vitatu katika Seneti. Hilo ni jambo kubwa, lakini kikombe hakifuati katiba.

Tulimkuta mama mmoja mtu mzima akifanya kazi mbele ya nyumba yake, binti yake akimsaidia. Tulisalimiana: amahoro, nao wakaitika. Mwenzetu mmoja akaeleza kwamba sisi ni walimu, na kwamba tunataka kujifunza. Mama alicheka, akauliza mwalimu hujifunza lini. Kisha akatuonyesha.

Udongo huchimbwa katika bonde la kinamasi, ukabebwa kwa kichwa mpaka juu. Huchambuliwa kokoto kwa vidole, ukakandwa na kukanyagwa mpaka ulainike. Hana gurudumu la kufinyangia, wala hahitaji. Huanza na kitako, kisha hukunja udongo uwe kama kamba nene, akaupandisha duara juu ya duara, akiunganisha kwa dole gumba, na kulainisha kwa kijiwe na kipande cha kibuyu. Mwisho huchukua kijikamba kilichosokotwa kwa nyasi, akakibiringisha shingoni mwa chungu chenye umajimaji, na urembo ukatokea. Chungu hukaa kivulini siku kadhaa, kisha vyote hupangwa pamoja nje, vikafunikwa nyasi na kuni, vikachomwa. Moto ndio mwamuzi. Vingine hupasuka, na hakuna wa kumdai.

Kwa Kirundi kazi hiyo huitwa kubumba, na mfinyanzi ni umubumbyi. Hatukuhitaji kuwaambia wanafunzi. Walikwisha kutazamana: kubumba, kuumba. Katika Kiswahili tumemwachia Mwenyezi Mungu kitenzi hicho, tukamwita Muumba. Hapa kilikuwa bado katika mikono yenye udongo hadi viwikoni.

Jua lilikuwa kali, nasi tulikuwa tumepanda kilima kwa miguu. Binti aliingia ndani akatoka na maji katika kikombe cha plastiki, akamnyoshea yule aliyekuwa karibu zaidi. Aliyekuwa karibu ni mmoja wetu walimu.

Hatutaki kuyapamba yaliyotokea. Kikombe kilibaki hewani. Hapana aliyesema kitu, hapana aliyerudi nyuma, lakini hapana mkono uliokipokea. Huenda ilikuwa kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu. Sisi ambao siku moja kabla yake tulikuwa tumezungumza mpaka usiku juu ya heshima ya mikono, tulisimama kama vigingi. Na mama yule, ambaye bila shaka alikwisha kuyaona hayo mara nyingi, ndiye aliyetutafutia udhuru. Alisema kwa sauti ya kawaida, bila kuacha kulainisha chungu: "Yamechemshwa, walimu."

Ndipo msichana wetu, yule aliyekataliwa ngoma, alipopita mbele yetu, akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa yote, akashukuru, akaomba tena. Baada yake tulikunywa sote, mmoja mmoja, katika kikombe kilekile. Maji yalikuwa baridi na matamu. Lakini tulikuwa tumechelewa, na twajua kwamba tulichelewa.

Kwa kutaka kuyafunika yaliyopita, mmoja wetu alimwuliza mama yeye mwenyewe anapikia chungu gani. Alitupeleka jikoni. Juu ya mafiga palikuwa na chungu kilichovunjika ukingo, na ufa uliozibwa kwa udongo ulishuka mpaka nusu ya ubavu. Kando yake palikuwa na kipande cha mtungi, kimewekwa maharagwe yaliyopoa. Alieleza bila huzuni kwamba kilicho kizima huuzwa, na kilichopasuka motoni ndicho cha nyumbani, kwa kuwa hakina mnunuzi. Zamani walichimba udongo bure. Sasa mabonde mengi yamelimwa mpunga, na mwenye bonde hutaka malipo. Watu nao wamezoea sufuria na ndoo za plastiki. Kikiharibika kimoja cha kuuzwa, ni chakula kilichoharibika.

Basi hilo ndilo gae. Tulilitazama. Kwa miaka yote tumekuwa tukiwaambia wanafunzi kwamba mfinyanzi hulia gaeni kwa sababu hajijali, kana kwamba ni uzembe wake, na darasa hucheka kidogo. Twadhani sasa kwamba tuliisoma methali hiyo kwa jicho la mnunuzi. Mfinyanzi hajajisahau. Anajua vizuri sana chungu kizima kina thamani gani, ndiyo maana hawezi kukila yeye.

Tulinunua vyungu vitatu kwa bei aliyoitaja, bila kuvutana. Tulimwomba ruhusa ya kuliandika jina lake katika makala haya. Alifikiri, akakataa. Akashika chungu kimoja, akatuonyesha urembo wa kijikamba shingoni. Kijikamba hicho amekisokota mwenyewe, alisema, na hapana mwingine kilimani asokotaye hivyo. Hata akikikuta chungu hicho sokoni Bujumbura atakijua. Kwa hiyo hatukuliandika jina. Chungu kimoja kipo katika darasa letu, juu ya kabati, na atakaye kumjua mwenyewe atazame shingo yake.

Tumekwisha kurudi kazini. Tungependa kuwaachia wenzetu mambo machache yatokanayo na ziara hiyo, si kama amri, bali kama maombi ya watu waliokosea. Kwanza, mwalimu afundishapo maneno ya ufundi, awapeleke wanafunzi mahali ambapo maneno hayo yanafanya kazi. Hakuna gharama kubwa; karakana haina mlango. Pili, aulize kwanza neno la fundi mwenyewe, liwe la Kirundi au la mtaani, ndipo atoe la kamusi. Fuawe na chuma cha kugongea vyaweza kukaa daftari moja, kadhalika umuvugangoma na mringaringa. Tatu, muda wa fundi ni mali. Anayekwenda kumwuliza maswali amnunulie kitu. Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa, lakini tumeona kwamba wachezaji wengi wa kwao hawatunzwi na mtu. Nne, na hili ni gumu kuliko yote, akinyoshewa kikombe akipokee.

Wiki iliyofuata tuliwatolea wanafunzi methali ileile, tukawataka waieleze upya kwa maneno yao. Majibu yalikuwa mengi, na mengine yalikuwa marefu kupita kiasi. Yule msichana aliandika sentensi moja tu: mfinyanzi hulia gaeni kwa sababu sisi tunakula katika chungu. Tulimpa alama zote. Kisha, kwa kuwa tulikuwa tumeahidi, tulikwenda Buyenzi kwa mzee wa vibao tukamwagiza atuandikie sentensi hiyo kwenye ubao wa kutundikwa darasani. Aliisoma polepole, akahesabu herufi kwa kidole, akatutajia bei. Tulimlipa kwa kila herufi.